Urithi wa Mbegu: Kwa Nini Hindi Kubwa si Mbegu Njema Sikuzote



Mahindi yakiisha kuvunwa na kumwagwa uani, najua ufanyavyo, maana hata mimi nalifanya vivyo hivyo. Waketi mbele ya fungu, wapekua, watoa yale makubwa kupita mengine yote, wayafunga mawili mawili kwa maganda yake, kisha wayatundika juu ya meko yapate moshi, ili fukusi wasiyatoboe. Hayo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Juu ya kutundika sina neno. Ni desturi njema. Neno langu ni juu ya kule kupekua, kwa kuwa hapo ndipo mkulima hodari awezapo kupoteza katika saa moja faida ya miaka mingi.

Zamani nalikuwa na shamba ambalo upande wake mmoja ulipakana na zizi la ng'ombe. Kila mvua iliponyesha, maji ya samadi yaliteremka mpaka mistari mitatu ya kwanza, na mabua ya mahali hapo yalikuwa manene ajabu, na mahindi yake yalijaa punje mpaka nchani. Nilichukua mbegu yangu yote hapo, nikajisifu mbele ya jirani zangu. Mwaka uliofuata niliipanda katika udongo mwekundu wa mlimani, nikavuna vihindi vyembamba, hafifu kuliko vya mzee mmoja aliyelima ng'ambo ya kijito, ambaye mbegu yake naliidharau kwa kuwa haikupendeza macho. Nilipomwuliza siri yake, alisema kwamba baba yake alimkataza kuchukua mbegu penye jaa. Hakuwa na maelezo zaidi ya hayo. Mimi nalikuwa nimesoma shule, yeye hakusoma. Lakini juu ya jambo hili yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kosa langu lilikuwa kudhani ya kuwa mmea humrithisha mtoto wake kile ulichokula. Usinicheke upesi, maana watu wenye elimu kubwa walidhani hivyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na jinsi walivyoachishwa dhana hiyo ni habari ifaayo kila mtu ashikaye jembe.

Katika nchi ya Uyunani, yapata miaka 400 kabla ya Kristo, matabibu waliofuata mafundisho ya Hippocrates walifundisha kwamba mbegu ya uzazi hutoka katika kila kiungo cha mwili, kiungo chenye afya kikitoa mbegu yenye afya, na kiungo kigonjwa mbegu gonjwa. Wakatoa na ushahidi: kwamba liko kabila la watu waliowafunga watoto wachanga vichwa ili virefuke, na baada ya muda watoto wakawa wanazaliwa na vichwa virefu pasipo kufungwa.

Wako wengine waliodhani kwamba mama huzaa kile akitazamacho. Aliyesoma Biblia anakumbuka kisa cha Yakobo na wanyama wa Labani, katika Mwanzo sura ya 30. Yakobo alibambua fito, akazisimamisha penye birika za maji mbele ya wanyama walipokuwa wakipandana, nao wakazaa wenye milia na madoadoa. Wafugaji wengi wa zamani walishika kisa hicho kama kanuni ya ufugaji. Hawakuendelea mpaka sura ya 31, ambamo Yakobo aonyeshwa katika ndoto kwamba mabeberu waliowapanda wale mbuzi walikuwa wenyewe wana milia na madoadoa. Mfugaji mwenye akili husoma sura zote mbili. Robert Bakewell, mkulima wa Dishley katika jimbo la Leicestershire, Uingereza, aliyeishi tangu 1725 hata 1795, hakushughulika na fito. Alishughulika na dume. Aliwakodisha madume wake wa kondoo kwa wakulima wenzake kwa msimu, kisha akaenda kuwatazama watoto waliozaliwa huko. Dume aliyezaa watoto wema ndiye aliyemtumia katika kundi lake mwenyewe. Hakujua urithi hupitaje, lakini alijua mahali pa kuutafuta, yaani katika uzao, wala si katika unono wa mzazi.

Katika mwaka wa 1809 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste de Lamarck, alitoa kitabu akisema kwamba viumbe havikuwa sikuzote kama vilivyo leo, bali hubadilika polepole. Kwa hilo astahili heshima, kwa kuwa ni wachache waliothubutu kulisema. Lakini alipotafuta sababu, alimtaja twiga wetu wa Afrika. Alisema twiga hujinyosha daima ili ayafikie majani ya juu, shingo yake ikarefuka kidogo, na urefu huo humpa mtoto wake, ambaye naye hujinyosha zaidi. Ni maneno matamu kuyasikia, walakini ndiyo yale yale ya hindi la kando ya zizi.

Charles Darwin, Mwingereza, alileta sababu nyingine katika mwaka wa 1859. Alisema hapana viumbe wawili walio sawasawa kabisa. Tena wazaliwao ni wengi kuliko wawezao kuishi. Basi wale ambao tofauti zao zawafaa ndio wasaliao na kuzaa. Katika twiga wengi, baadhi huzaliwa na shingo ndefu kidogo kuliko wenzao, nao hao hawafi upesi wakati wa ukame. Nataka ujue kwamba hoja hiyo hakuianza porini. Aliianza katika mabanda na mashamba, akieleza jinsi wafugaji wa njiwa, naye akiwa mmoja wao, walivyopata njiwa wa namna nyingi kutoka kwa njiwa-mwitu wa majabalini kwa kuchagua tu, mwaka baada ya mwaka. Wako waliouona mafundisho hayo kuwa kinyume cha imani, nami sitaingia katika shindano hilo hapa. Nitakumbusha tu kwamba mtu aliyekuja kuyakamilisha alikuwa padre.

Maana Darwin mwenyewe hakujua urithi unapitaje. Mwaka wa 1868 alikisia kwamba kila kiungo hutoa vipunje vidogo visivyoonekana, ambavyo huzunguka mwilini na kukusanyika katika mbegu. Waona, amerudi kule kule Uyunani. Binamu yake, Francis Galton, akataka kuhakikisha. Alitia damu ya sungura wa namna nyingine katika mishipa ya sungura wa kijivu, akangoja wazae. Wakazaa watoto wa kijivu kama wao. Alipotangaza habari hiyo mwaka wa 1871, Darwin alijibu kwamba hakusema popote kuwa vipunje hivyo vinapita katika damu. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini nadhani halikumridhisha hata mwenyewe.

Aliyekata shauri hilo ni Mjerumani, August Weismann wa Freiburg. Tangu mwaka wa 1887 aliwakata panya mikia, madume na majike, akawazalisha. Watoto wao akawakata vile vile, mpaka vizazi vitano. Walizaliwa panya 901, na hata mmoja hakuzaliwa bila mkia wala na mkia mfupi. Mchungaji wa mbuzi angaliweza kumwambia hivyo kabla hajashika kisu. Wewe na baba yako na babu yako mmewatia mbuzi alama ya sikio, je, umepata kuona mwana-mbuzi aliyezaliwa na alama hiyo? Weismann alieleza kwamba mbegu ya uzazi haifanywi na mwili. Imetoka katika mbegu iliyotangulia, na mwili ni kama nyumba iliyoihifadhi tu. Fikiri kaa la moto lipelekwalo kutoka jiko moja hata jiko jingine. Nyumba ya kwanza yaweza kuwa ya makuti na ya pili ya mawe, lakini moto ni ule ule.

Hata hivyo palisalia fumbo kubwa. Karibu watu wote walidhani kwamba urithi wa baba na wa mama huchanganyika kama maziwa na maji. Mhandisi mmoja, Fleeming Jenkin, akaandika mwaka wa 1867 kwamba kama ndivyo, kuchagua hakufai kitu: sifa njema ya mmoja itakuwa nusu kwa watoto, robo kwa wajukuu, na kadhalika mpaka ipotee. Ukinunua dume mmoja mwema ukamtia katika kundi hafifu, umemimina kikombe cha maziwa mtoni. Darwin aliona uzito wa neno hili, wala hakuwa na jibu lililotosha.

Ajabu ni hii, kwamba jibu lilikuwa limekwisha kupigwa chapa mwaka mmoja kabla yake, katika mji wa Brno, uliokuwa wakati ule chini ya Mfalme wa Austria.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka wa 1822, mtoto wa mkulima mdogo kama wewe na mimi. Baba yake hakuwa bwana wa siku zake zote, maana kila juma ilimpasa kumfanyia bwana wa nchi kazi siku tatu pasipo malipo. Kijana alipenda elimu lakini fedha hazikuwapo. Mwaka wa 1843 akaingia katika nyumba ya watawa huko Brno, akawa padre. Mara mbili alijaribu mtihani wa ualimu wa serikali, na mara zote mbili hakufaulu. Kisha, tangu 1856 hata 1863, alishika kazi ya kupanda njegere katika kipande cha bustani cha mita 35 kwa 7, ambacho wengi wetu tungekiona ni kidogo hata kwa mboga za nyumbani.

Angalia jinsi alivyofanya kazi, maana ubora wake wote umo katika subira. Alichukua namna 34 za njegere kwa wauza mbegu, akazipanda miaka miwili kwanza ili ajue ni zipi zizaazo watoto walio sawa na wazazi, akabakiza namna 22. Kisha alifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa viungo vya kiume kwa koleo dogo, akapaka unga wa ua la namna nyingine, akalifunika kwa mfuko ili nyuki wasiingilie. Aliunganisha njegere za mviringo na njegere zenye makunyanzi. Ingekuwa urithi ni maziwa na maji, watoto wangalikuwa na makunyanzi nusu. Haikuwa hivyo: wote walikuwa wa mviringo. Basi aliwaacha wajizalie wenyewe, na mwaka uliofuata akahesabu punje zote, 7,324. Za mviringo zilikuwa 5,474, na zenye makunyanzi 1,850, yaani kwa kila tatu za mviringo, moja ya makunyanzi. Makunyanzi hayakupotea wala kuzimuliwa. Yalijificha kizazi kimoja, kisha yakatokea kamili kama yalivyokuwa kwa babu.

Ukitaka kuelewa sababu, chukua haragwe moja jekundu na moja jeupe, uyashike katika ngumi, na mwenzako afanye vivyo hivyo. Kila mmoja atoe moja bila kutazama. Yatatoka mekundu mawili. Au lako jekundu na lake jeupe. Au lako jeupe na lake jekundu. Au meupe mawili. Ikiwa wekundu una nguvu ya kuufunika weupe, basi mara tatu katika nne utaona wekundu, na mara moja weupe. Ndivyo ilivyo katika mmea. Kwa kila sifa unazo chembe mbili za urithi, moja ya baba na moja ya mama, nao hutoa moja tu kwa kila mtoto. Chembe hazichanganyiki, hukaa pamoja kama wapangaji wawili katika chumba kimoja, kisha kila mmoja huenda zake. Leo zajulikana zimeandikwa katika uzi mwembamba mno uitwao DNA, ambao umbo lake lilielezwa mwaka wa 1953. Lakini Mendel aliziona kwa kuhesabu tu, katika mimea ipatayo 28,000.

Alisoma habari hizo mbele ya chama cha wenye elimu wa Brno mwaka wa 1865, zikapigwa chapa mwaka wa 1866, na karibu hapana aliyezijali. Alikufa mwaka wa 1884. Ndipo mwaka wa 1900 watu watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, wakafikia jambo lile lile, wakakuta limekwisha kuandikwa miaka 34 iliyopita.

Sasa turudi shambani kwako. Umepanda mahindi meupe, lakini wakati wa kumenya wakuta punje za njano zimetawanyika katika hindi. Wengine husema ni udongo, wengine husema mbegu imechoka. Sivyo. Kila unywele katika zile ndevu za hindi hufika kwenye punje yake moja, nao hupokea unga uangukao kutoka mbelewele, yaani maua yaliyo juu ya bua. Jirani yako amepanda mahindi ya njano, na upepo umeuleta unga wake. Punje ile ya njano ina mama mweupe na baba wa njano. Nayo njano ni yenye nguvu, hufunika weupe. Ukiipanda katikati ya shamba lako jeupe, hindi lake litakuwa na njano nusu na weupe nusu, ukadiri tu, kwa kuwa unga mwingi utakaoipata ni mweupe.

Kutoka hapa pana faida mbili. Kwanza, atakaye mahindi meupe na azitoe punje zote za njano katika mbegu yake. Punje nyeupe haiwezi kuficha njano ndani yake, na baada ya hapo ni upepo tu wa kuogopwa. Pili, atakaye ya njano ana kazi ndefu zaidi, kwa maana punje ya njano yaweza kuficha weupe, nao utarudi mwaka ujao ingawa hukuuona. Mtu asiyejua Mendel atadhani amedanganywa na muuza mbegu.

Hapo pia pana jibu la swali niulizwalo sana juu ya mahindi chotara. Chotara hupatikana kwa kuunganisha namna mbili zilizo mbali kwa ukoo. George Shull wa Marekani alieleza njia hiyo mwaka wa 1908, na katika Kenya chotara H611 ilitolewa Kitale mwaka wa 1964, mzazi wake mmoja akiwa mahindi ya huko Kitale na wa pili mahindi yaliyotoka Ecuador. Kizazi cha kwanza kina nguvu nyingi. Lakini ukiweka mbegu ya chotara na kuipanda tena, zile chembe zilizokaa pamoja hutengana kama katika njegere za Mendel, na nguvu hupungua. Basi akuambiaye ununue mbegu mpya ya chotara kila mwaka hakudanganyi, ingawa naye apata faida yake. Nawe, kama fedha hazipo, afadhali mbegu ya kawaida iliyochaguliwa vema kuliko mjukuu wa chotara.

Tena Mendel alimjibu Jenkin. Katika miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols walishughulika na ugonjwa wa batobato, ule ukunjao majani ya muhogo na kuyatia mabaka. Waliunganisha muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara, ambao haushikwi upesi na ugonjwa huo. Watoto walikuwa na kinga njema, lakini mizizi yao haikufaa chakula. Basi waliwaunganisha tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mara tatu, wakichagua kila mara miche yenye kinga na mizizi mizuri. Kwa hesabu ya maziwa na maji, ingebaki sehemu moja tu katika kumi na sita ya kinga ile. Lakini chembe za urithi hazizimuliwi. Mteuzi akizishika, hukaa.

Nimechelewa kulirudia hindi la kando ya zizi. Aliyeeleza habari yake vizuri kuliko wote ni Wilhelm Johannsen wa Copenhagen, Denmark, katika kitabu cha mwaka wa 1903. Alinunua maharagwe ya namna moja, mengine makubwa na mengine madogo, akaupanda uzao wa kila haragwe mbali na wa mwenzake. Maharagwe kwa kawaida hujizalia yenyewe, basi alipata koo 19, kila moja safi. Ukoo wa kwanza ulikuwa na maharagwe ya uzito wa karibu sehemu 64 za mia ya gramu kwa wastani, na wa mwisho 35. Hizo tofauti za ukoo zilirithiwa. Lakini ndani ya ukoo mmoja mlikuwa pia na makubwa na madogo. Alipopanda makubwa peke yake na madogo peke yake, watoto walikuwa sawa! Alichagua hivyo mwaka baada ya mwaka asipate kitu. Haragwe lilikuwa kubwa kwa sababu ya udongo, au nafasi yake katika ganda, na bahati hiyo haikuandikwa katika urithi. Ni yeye aliyeipa chembe ya urithi jina la jeni, mwaka wa 1909.

Mahindi hayafanani na maharagwe katika jambo moja. Kwa kuwa hayajizalii peke yake, bali huoana kwa upepo, kila bua lina urithi wake, na kwa hiyo kuchagua kwaweza kuzaa matunda miaka mingi sana. Huko Illinois, Marekani, C. G. Hopkins alianza mwaka wa 1896 na mahindi meupe 163, akichagua yale yenye mafuta mengi katika punje. Mwanzo mafuta yalikuwa sehemu 4.7 katika mia. Waliomfuata waliendelea kuchagua kwa zaidi ya vizazi mia, na mafuta yakapita sehemu 20 katika mia. Hapakuwa na dawa wala uchawi, ila kuchagua kile kilicho cha urithi.

Wala usidhani kwamba kosa katika mambo haya ni la wakulima wadogo tu. Katika Urusi, Trofim Lysenko aliwashawishi watawala kwamba jeni ni uongo, na kwamba ngano ikizoeshwa baridi huwarithisha watoto mazoea hayo. Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu katika nchi nyingi, na Uhabeshi mwaka wa 1927, alimpinga. Akakamatwa mwaka wa 1940, akafa gerezani mwaka wa 1943. Mji wa Leningrad ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya walinzi wa hazina yake ya mbegu walikufa kwa njaa, na mpunga na nafaka nyingine zilikuwa mikononi mwao, wakakataa kuila mbegu. Mwaka wa 1948 mafundisho ya Mendel yalipigwa marufuku nchini humo. Wewe uliyepata kuona njaa, na gunia la mwisho la mbegu likikutazama, wajua uzito wa jambo walilolifanya wale walinzi.

Lazima niseme neno moja la haki. Punje nono ya penye samadi huota kwa nguvu, maana ina akiba ya chakula ndani yake, tena wataalamu wamekuta mambo machache ya maisha ya mzazi yawezayo kumgusa mtoto kwa kizazi kimoja au viwili. Lakini akiba humalizika mche ukiisha shika udongo, na tangu hapo mmea hutegemea urithi wake.

Basi, mwaka huu usingoje mpaka mahindi yafike uani, kwa maana huko hindi haliwezi kukuambia lilisimama wapi. Ingia shambani mabua yakiwa bado yamesimama, nayo yameanza kukauka. Usitazame ukingoni, wala penye kichuguu, wala pale palipokuwa zizi au jaa, wala bua ambalo jirani zake hawakuota likapata nafasi ya watatu. C. O. Gardner wa Nebraska alifundisha mwaka wa 1961 kuligawa shamba katika viwanja vidogo, na kulinganisha bua na majirani zake wa kiwanja kile kile tu. Fanya hivyo kwa hatua zako. Katika kila kiwanja chagua bua lililozaa vema kuliko wenzake likiwa na udongo ule ule na nafasi ile ile, lisilo na michirizi ya ugonjwa katika majani, lisiloanguka. Katika kiwanja kibaya bua hilo laweza kuwa na hindi la kadiri tu. Lichukue, usilionee haya. Jumla yasipungue mahindi mia, kwa kuwa ukipanda mbegu ya mabua matano, watoto wataoana ndugu kwa ndugu na kudhoofika. Na ikiwa jirani amepanda namna nyingine, uchague mahali palipo mbali na shamba lake, mita 200 hivi kama zipo.

Funga uzi au ukindu katika kila bua ulilolichagua, na uwaonye watoto, maana nimekwisha kuona mbegu ya mwaka mzima ikiwa imechomwa na kuliwa jioni moja na wavulana walioona kwamba mahindi yenye uzi ndiyo yaliyo mazuri.